Meatus: wingi wake ni upi, na linatofautianaje na porus, canalis, foramen na ostium?

Neva_ya_Saba aliuliza:

Salaam wakuu. Naomba msaada kuhusu neno la Kilatini meatus. Kwenye anatomia linatokea sehemu tatu zisizofanana hata kidogo. Liko sikioni (meatus acusticus externus na internus) na puani (meatus nasi superior, medius na inferior). Kwenye njia ya mkojo, watu wa wodini husema meatus, lakini orodha rasmi ya majina ya anatomia inaandika ostium urethrae externum.

Kwanza, wingi ni meatus, meati au meatuses? Yote matatu yanaonekana kwenye maandishi. Pili, kamusi inatafsiri meatus, porus, canalis, foramen na ostium kuwa "tundu" au "njia" bila kuyatenganisha. Mtihani lakini unayatenganisha. Tatu, puani hakuna tundu pale panapoitwa meatus, ni uwazi tu chini ya kifupa kilichojikunja. Kwa nini pameitwa hivyo?

Nikielewa asili ya neno, mengine nitayashika.

Declensio_ya_Nne alijibu:

Karibu, ndugu. Anzia kwenye kitenzi. Meare ni kwenda, kupita, kupitapita. Meatus ni nomino iliyotoka humo, kama motus (mwendo) ilivyotoka kwenye movere, cantus (uimbaji) kwenye canere, na transitus (kuvuka) kwenye transire. Nomino za mtindo huu kwanza hutaja tendo, kisha zikazoea kutaja pia mahali tendo linapofanyikia. Kwa hiyo meatus ina maana mbili kubwa, na zote mbili ni za kale: mwendo wenyewe, na njia ambayo kitu kinaipita.

Maana ya mwendo utaikuta kwa Lucretius, mshairi wa Kirumi, anapotaka kueleza solis lunaeque meatus, yaani mienendo ya jua na mwezi. Mshairi mwenzake Vergilius katika kitabu cha 6 cha utenzi wake Aeneis anasema kuhusu mataifa mengine kwamba caelique meatus describent radio, watachora mienendo ya mbingu kwa fimbo ya wapimaji.

Maana ya njia iko wazi zaidi kwa Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi, mwanzoni mwa Germania, kitabu cha mwaka 98 BK. Anaeleza mto Danubius unavyoteremka mpaka in Ponticum mare sex meatibus erumpat, utokeze kwenye Bahari Nyeusi kwa njia sita, halafu anaongeza septimum os paludibus hauritur, mdomo wa saba unamezwa na vinamasi. Angalia maneno mawili aliyotumia: meatus kwa mkondo maji yanamopita, na os kwa mdomo unaofunguka. Shika tofauti hiyo, kwa sababu swali lako la pili linajibiwa hapo. Ostium ni mtoto wa os.

Sasa wingi. Meatus ni nomino ya kundi la nne, declensio quarta, jinsia ya kiume. Maumbo yake ni haya:

Umoja: meatus (nominativus, umbo la kiima), meatūs (genitivus, umbo la umilikaji), meatuī (dativus), meatum (accusativus), meatū (ablativus).

Wingi, kwa mpangilio huo huo: meatūs, meatuum, meatibus, meatūs, meatibus.

Kwa hiyo nominativus ya wingi ni meatus, ila u ya mwisho ni ndefu. Kwa kuwa vitabu vingi haviandiki kistari juu ya irabu ndefu, kwa macho umoja na wingi vinalingana. Msomaji wa Kiswahili asihangaike, maana tunafanya vivyo hivyo kila siku: nyumba hii imeanguka, nyumba hizi zimeanguka. Nomino haibadiliki, na idadi inajulikana kwa maneno yanayoambatana nayo. Kilatini kinakuonyesha kwa kitenzi au kivumishi. Lucretius anaendelea qua fiant ratione, na fiant ni kitenzi cha wingi, kwa hiyo meatus pale ni wingi. Kwenye anatomia kitakachokusaidia ni kivumishi:

meatus acusticus externus: njia moja ya nje ya sikio
meatus acustici externi: njia za nje za masikio yote mawili

Hapo pana mtego. Meatus acustici externi inaweza pia kuwa genitivus ya umoja, "ya njia ya nje ya sikio". Tazama neno linalotangulia. Ukikuta porus au cartilago mbele yake, kwa mfano cartilago meatus acustici, basi ni genitivus, gegedu ya njia ya sikio. Likisimama peke yake kama kichwa cha kirai, ni wingi.

Meati ni kosa. Linatokana na kudhani kwamba kila neno la -us linakwenda kama nervus, nervi au musculus, musculi. Hayo ni ya kundi la pili. Ya kundi la nne katika anatomia ni machache, na yanayotokea mara nyingi ni haya: ductus, sinus, plexus, hiatus, processus, tractus, arcus, recessus, aditus, meatus, manus. Hakuna plexi, hakuna sini, hakuna processi. Manus peke yake hapo ni ya kike, ndiyo maana tunasema manus dextra na si manus dexter. Meatuses ni wingi wa Kiingereza, na kwenye maandishi ya Kiingereza ni sahihi. Usiutie ndani ya jina la Kilatini.

Kutamka: mkazo uko kwenye a, me-A-tus, silabi ya pili kutoka mwisho. Mahali hapo hapo Kiswahili kinapoweka mkazo wake, kwa hiyo ulimi wako hauna la kujifunza.

Fuvu_Darasani alijibu:

Mkuu hapo juu amemaliza sarufi, mimi nitashuka kwenye mifupa. Njia rahisi ya kuyatenganisha haya maneno ni kuifuata neva moja, na jina ulilojipa ndilo lenyewe: neva ya 7, nervus facialis, yaani neva ya uso.

Shika mfupa wa pembeni mwa fuvu, os temporale, uugeuze uone upande wa ndani. Kwenye sehemu yake ngumu kama jiwe, pars petrosa, utaona mlango wa mviringo. Mlango huo, ukingo na uwazi wake tu, ni porus acusticus internus. Ukiingiza kijiti kitaingia kiasi cha sentimita 1 kisha kigote. Hiyo sentimita 1 yote ni meatus acusticus internus. Mwisho wake, pale kijiti kilipogota, ni fundus. Neva ya 7 inaingia hapo pamoja na neva ya 8 (ya usikivu na usawa) na ateri ya labirinthi, mshipa wa damu wa sikio la ndani. Kutoka kwenye fundus neva ya 7 inaingia peke yake kwenye mfereji mwembamba uliopinda ndani ya mfupa, canalis facialis. Inatoka chini ya fuvu kwenye tundu lililo kati ya ncha mbili za mfupa, foramen stylomastoideum.

Umepata maneno manne kwenye safari moja. Porus ni mlango wa njia. Meatus ni njia yenyewe, fupi na pana kiasi, inayopitisha vitu. Canalis ni mfereji uliozungukwa pande zote kwa urefu wake. Foramen ni tundu lililotobolewa ukutani, toka forare, kutoboa. Mpaka kati ya meatus na canalis si mkali sana kimaumbile, na hapo lazima ukubali mazoea ya majina. Lakini porus na meatus usiyachanganye kamwe, kwa sababu uvimbe wa neva ya 8 ukikua huipanua meatus, na mtu anayesoma picha ya CT analinganisha upana wa meatus ya kulia na ya kushoto. Akiandika porus, msomaji ataangalia mlango tu.

Fundus nayo ina mpangilio wa kukariri. Kuna ukingo wa mlalo, crista transversa, unaoigawa juu na chini. Juu mbele ni neva ya uso, chini mbele ni neva ya kochlea, ya usikivu. Nyuma, juu na chini, ni matawi mawili ya vestibula, ya usawa wa mwili. Kwa ufupi, za mbele ni uso juu na usikivu chini, na za nyuma zote ni usawa.

Meatus ya nje inaendana na kazi ya kila siku kuliko hiyo ya ndani. Kwa mtu mzima ina urefu wa kama sentimita 2.5. Theluthi ya nje ni gegedu, theluthi mbili za ndani ni mfupa. Haijanyooka, imepinda kama herufi S. Ndiyo maana kabla ya kuingiza kifaa cha kutazamia unavuta sikio la mtu mzima juu na nyuma, ili ile sehemu ya gegedu ilingane na ya mfupa. Kwa mtoto mchanga sehemu ya mfupa bado haijajengeka, kuna pete tu ya mfupa inayoshikilia kiwambo cha sikio, kwa hiyo unavuta chini na nyuma. Ukimvuta mtoto juu kama mtu mzima utaona ukuta wa njia tu, kisha utaandika kwamba kiwambo hakionekani, kumbe mkono ndio ulioelekea kusiko.

Vinyweleo na tezi za nta ziko kwenye theluthi ya nje peke yake. Nta kwa kawaida inasogea yenyewe kuelekea nje. Kijiti cha pamba kinaisukuma hadi kwenye sehemu ya mfupa, ambako haina namna ya kurudi, inaganda mbele ya kiwambo na mtu anapungukiwa usikivu. Jipu la sikio nalo huota kwenye theluthi hiyo ya nje kwa sababu ndiko kwenye vinyweleo, na linauma mno kwa sababu ngozi imebana kwenye gegedu bila nafasi ya kuvimba. Na mgonjwa akikohoa ghafla ukigusa ukuta wa meatus, usishtuke: tawi dogo la neva ya 10 linafika pale.

Matone ya sikio yawe na joto la mwili. Shika kichupa mkononi dakika chache kabla ya kudondosha. Yakiwa ya baridi mgonjwa anapata kizunguzungu, kwa sababu baridi inavifikia vyombo vya usawa vilivyo jirani.

Rhino_Kijiweni alijibu:

Naongezea la pua, maana ndilo swali la tatu na halijaguswa.

Ukuta wa pembeni wa pua una vifupa vitatu vilivyojikunja, conchae, kila kimoja kikining'inia juu ya uwazi wake. Uwazi ulio chini ya kila koncha ndio meatus, kwa sababu hewa na majimaji hupita humo kuelekea nyuma. Umesema hakuna tundu pale, na ni kweli, wala halihitajiki. Meatus haikuwahi kumaanisha tundu. Ni mapito. Danubius wa Tacitus nao haukuwa na tundu.

Kitu cha kujua ni nini kinafungukia wapi:

Meatus ya chini (inferior) inapokea mrija wa machozi. Ndiyo sababu mtu akilia anatokwa na kamasi jepesi. Kwa baadhi ya watoto wachanga utando wa mwisho wa mrija huo haujafunguka, jicho linabaki na machozi na matongotongo. Wengi wao hufunguka wenyewe ndani ya mwaka wa kwanza, na mama hufundishwa kukandamiza kwa kidole kwenye kona ya ndani ya jicho akishuka kuelekea puani.

Meatus ya kati (medius) ndiyo yenye shughuli nyingi. Inapokea sainasi (mashimo ya hewa ndani ya mifupa) ya paji la uso na ya shavu, na seli za mbele za ethmoidi, mfupa ulio kati ya macho. Tundu la sainasi ya shavu liko juu kwenye ukuta wake, si chini, kwa hiyo mtu akiwa amesimama usaha haushuki wenyewe. Utando wa meatus ya kati ukivimba kidogo tu, sainasi tatu zinaziba kwa pamoja. Hapo ndipo madaktari wa upasuaji wa sainasi wanapoanzia kazi.

Meatus ya juu (superior) inapokea seli za nyuma za ethmoidi. Sainasi ya sfenoidi, mfupa wa nyuma ya pua, haimo kwenye meatus yoyote. Inafungukia juu na nyuma zaidi, recessus sphenoethmoidalis. Mitihani inaipenda sana hiyo.

Faida ya wodini: mpira wa kulishia kupitia puani unapita kwenye sakafu ya pua, ndani ya meatus ya chini. Uelekeze nyuma moja kwa moja kana kwamba unalenga tundu la sikio, usiuinue kufuata mgongo wa pua. Ukiuinua utagonga koncha, damu itatoka, na mgonjwa hatakuruhusu tena. Kijiti cha kuchukua sampuli nyuma ya pua kinafuata njia hiyo hiyo.

Neva_ya_Saba aliandika:

Nawashukuru sana wakuu. Porus na meatus sasa nimezielewa. Limebaki la mkojo: kama meatus ni njia na ostium ni mdomo, basi wodini tunakosea tunaposema meatus? Na je, kuna maneno mengine ya ukoo huu ninayoyatumia bila kujua?

Declensio_ya_Nne alijibu:

Kwa kipimo cha Kilatini, ostium ndilo linalofaa zaidi, kwa sababu kinachotajwa ni mwisho wa mrija na si mrija. Orodha rasmi ya Terminologia Anatomica ya mwaka 1998 inaandika ostium urethrae externum, na kwenye karatasi ya anatomia andika hivyo. Lakini matumizi ya kitabibu ya meatus kwa mdomo wa mkojo yameota mizizi na yamezaa istilahi nzima: meatitis ni uvimbe wake, meatotomia ni kuupasua uliobana. Siwezi kuyaita makosa. Maana imesogea kutoka kwenye njia hadi mwisho wa njia, kama awali ilivyosogea kutoka kwenye mwendo hadi njia.

Ndugu zake: permeare ni kupenya hadi upande wa pili, na kutoka humo lugha za Ulaya zimepata neno la utando unaopitisha maji. Commeatus ni kwenda na kurudi, kisha ruhusa ya askari kuondoka kambini kwa muda, kisha shehena ya chakula inayofuata jeshi. Ukimsoma Caesar, jemadari wa Kirumi aliyeandika habari za vita vyake, utalikuta sana kwa maana hiyo ya mwisho, usilitafsiri "njia". Nalo ni la kundi la nne.

Maneno ya jirani yasiyo ya ukoo: aditus ni pa kuingilia (aditus laryngis, mlango wa koo la sauti), exitus ni pa kutokea na kwa lugha ya madaktari pia kifo, ductus ni mrija unaoelekeza majimaji, toka ducere, hiatus ni mwanya ulioachama, toka hiare. Iter ni safari au barabara, na hilo ni la kundi la tatu, itineris, tena halina jinsia ya kiume.

Zamu_ya_Usiku alijibu:

Nichangie upande wa vitendo, maana kwenye mdomo huo wa mkojo ndiko makosa ya kuweka mpira wa mkojo (katheta) yanakotokea.

Kwa mwanamke meatus iko kati ya kinembe na uke, takriban sentimita 2.5 nyuma ya kichwa cha kinembe. Tafuta kwa mwanga wa kutosha, tenganisha midomo ya ndani na usiuachie mkono huo hadi umalize. Mpira ukiingia ukeni kwa bahati mbaya, usiutoe mara moja. Uache pale kama alama, chukua mpya uliotakaswa, uelekeze juu ya ule wa kwanza. Ukiutoa na kuurudisha huo huo umepeleka vijidudu kwenye kibofu. Urethra (mrija wa mkojo) ya mwanamke ni kama sentimita 4 tu, kwa hiyo mkojo unaonekana mapema.

Kwa mwanamume meatus ni ufa wa wima, na ndiyo sehemu nyembamba kuliko zote kwenye urethra yake yenye sentimita 18 hadi 20. Mpira ukipita hapo bila kubana, ukikwama mbele fikiria kovu au tezi dume, si ukubwa wa mpira. Jeli iingizwe ndani ya meatus yenyewe, usipake ncha ya mpira peke yake, na uipe dakika chache kama ina dawa ya ganzi. Sukuma hadi kwenye panda ya mpira na uone mkojo ndipo ujaze puto linaloushikilia mpira ndani ya kibofu, kwa kawaida mililita 10 za maji yaliyotakaswa. Maji ya chumvi yanaweza kuacha chembe zikaziba njia ya puto na lisitoke siku ya kuondoa. Puto likijazwa ndani ya urethra linaichana, mgonjwa anapiga kelele na damu inatoka kwenye meatus. Ukimaliza, rudisha govi mahali pake. Likiachwa nyuma linavimba na kubana kichwa cha uume.

Namba za mpira: 1 Fr (French, kipimo cha unene wa mpira) ni theluthi ya milimita ya kipenyo cha nje. Kwa hiyo 16 Fr ni kama milimita 5.3. Wanawake wazima wengi hutosha 12 hadi 14, wanaume 14 hadi 16. Mkubwa zaidi unaiumiza meatus bila faida, isipokuwa kuna damu iliyoganda kwenye kibofu.

La mwisho linahusu watoto wa kiume, na kwa jamii zetu zinazotahiri wote ni la lazima. Kabla ya tohara, awe mtoto mchanga au wa jandoni, tazama meatus iko wapi. Ikiwa upande wa chini wa uume badala ya nchani, hiyo ni haipospadia. Mara nyingi govi lake limejaa juu na halipo chini, na uume umepinda. Mtoto huyo asitahiriwe, kwa sababu daktari wa upasuaji hutumia ngozi ya govi hilo kujenga sehemu ya urethra iliyokosekana. Andika kwenye kadi yake na umpe mzazi rufaa siku hiyo hiyo. Na kwa aliyekwisha kutahiriwa, mkojo ukianza kutoka kwa mkondo mwembamba unaoruka juu, na mtoto akachukua muda mrefu kumaliza, ifungue meatus kwa vidole viwili uitazame: huenda imebana, na hapo ndipo meatotomia aliyoitaja mkuu inapohitajika.